Kisumu: Mwisho wa Reli, Mwanzo wa Mazungumzo

Kisumu ni mahali ambapo njia iliyoanzia kwetu Pwani ilifikia tamati. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliufikia ukingo wa Ziwa Viktoria mwezi wa Disemba mwaka 1901, na kituo cha mwisho kikapewa jina la Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mmoja wa wahandisi wa reli hiyo. Jina hilo halikudumu. Wenyeji waliendelea kulitumia jina lao wenyewe, ambalo huhusishwa na desturi ya kubadilishana bidhaa, kwani hapo ndipo watu wa ziwani na watu wa nchi kavu walipokutana kupeana samaki na nafaka. Nalo ziwa lenyewe, ambalo ramani hulitaja kwa jina la malkia wa Uingereza, kwa Wajaluo ni Nam Lolwe.

Miaka 108 baada ya reli, njia ya pili ilipita Mombasa. Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zilifika pwani yetu. Mmoja wa mikongo hiyo, uitwao TEAMS, ulitoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ukafuata kwa chini ya maji mwelekeo ule ule ambao majahazi ya kaskazi yaliufuata kwa juu kwa karne nyingi. Kabla ya hapo, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti. Ilikuwa ya polepole na ya ghali. Kutoka Mombasa nyaya zikapanda bara, Nairobi, Nakuru, hadi Kisumu. Kwa mara ya pili mji wa ziwani ukaunganishwa na dunia kwa kamba ambayo ncha yake imefungwa kwetu.

Reli ilibeba pamba, samaki na watu. Je, kamba hii ya pili hubeba nini? Hubeba mengi, mema na maovu, na kila mzazi anayajua. Makala hii itafuatilia mzigo mmoja tu, nao ni lugha: namna shule iliyoko ukingoni mwa ziwa inavyoweza kushirikiana na shule iliyo ng'ambo ili watoto wa pande mbili wafundishane kusema.

Mji wa ndimi nyingi

Msafiri anayetoka Nairobi kwa barabara hupanda milima yenye baridi, akapita mashamba ya chai ya Kericho, kisha huteremka ghafla. Joto humpokea, na kwa muda anaweza kudhani amerudi Pwani. Mbele yake hutandaa uwanda wa Kano, wenye miwa na mashamba ya mpunga ya Ahero, na mwisho wa uwanda huo ndipo ilipo Ghuba ya Winam, mkono mrefu wa ziwa uliojipenyeza ndani ya nchi. Ziwa zima lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na Kenya ina fungu dogo tu la asilimia 6 hivi. Lakini fungu hilo linalisha watu wengi. Jioni, pale Dunga, mashua hurudi zikipita kati ya mafunjo, na wanawake husimama ufukweni kununua ngege, mbuta na omena, wakipatana bei kwa sauti ambayo mtu wa Kibokoni au Lamu angeitambua hata bila kuyaelewa maneno.

Waislamu wa mji huu si wageni wa jana. Msikiti wa Jamia umo katikati ya mji, na mitaa kama Kaloleni na Manyatta Arab ina familia za Waswahili, Wanubi, Wasomali, Wajaluo waliosilimu na Wawanga kutoka upande wa Mumias, ambako Uislamu ulifika pamoja na wafanyabiashara wa Pwani. Wako pia Waislamu wenye asili ya Bara Hindi, ambao wengi wa babu zao walifuatana na reli. Mtoto wa Kaloleni huweza kusikia ndimi nne kabla ya kufika dukani.

Kwa hivyo mwalimu wa lugha ya kigeni mjini Kisumu hamfundishi mtu mgeni wa mambo ya lugha. Mwanafunzi aliye mbele yake huzungumza Kijaluo au Kiluhya nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani. Anapochagua Kifaransa, Kijerumani au Kiarabu, masomo ambayo yote hutahiniwa katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE, anaongeza lugha ya nne juu ya tatu alizonazo. Akili na masikio vimekwishazoea kazi hiyo.

Kinachompungukia ni mtu wa kuzungumza naye. Mwanafunzi wa Kijerumani akishatoka darasani huenda asikutane na mtu mwingine wa kusema naye Kijerumani hadi kipindi kijacho, na mtu wa pekee anayemjibu ni yule yule mwalimu aliyemfundisha. Lugha ya namna hiyo hukaa daftarini. Mtoto hujua kunyambua vitenzi vyote, kisha akikutana na mgeni pale bandarini ulimi wake hufunga. Hili ndilo pengo ambalo ushirika wa shule kwa njia ya mtandao umekuja kuliziba.

Namna shule mbili zinavyofundishana

Ushirika wa shule si jambo jipya. Kisumu ina undugu wa miji na Cheltenham ya Uingereza, na Roanoke na Boulder za Marekani. Serikali ya Ujerumani ilianzisha mwaka 2008 mpango uitwao PASCH, unaoziunganisha takriban shule 2,000 duniani ambamo Kijerumani hufundishwa. Zamani ushirika wa shule ulikuwa wa barua na picha, na pengine ziara ya wachache waliobahatika. Barua moja ilichukua wiki kadhaa, na mtoto aliyeuliza swali mwezi wa Machi alisahau alichouliza jibu lilipofika.

Mtandao umeondoa umbali, lakini haukuondoa saa. Hapa ndipo mipango mingi mizuri hukwama, na inafaa tueleze kwa hesabu. Kisumu ikiwa saa nne asubuhi, Ujerumani ni saa mbili wakati wa baridi na saa tatu wakati wa joto. Vipindi hivyo hukutana vizuri. Muscat ni saa tano asubuhi, nako kunakutana. Beijing ni saa tisa alasiri, siku ya shule inakaribia kwisha. Ama Boulder ni kati ya saa sita na saa saba usiku, na hakuna mtoto atakayeamshwa kusoma Kiswahili saa hizo. Tena kuna kalenda: mwezi wa Julai, muhula wa pili ukiwa umepamba moto hapa, shule nyingi za Ulaya huwa zimefungwa. Na kuna mbingu za Kisumu zenyewe, ambazo aghalabu huleta radi na mvua nyakati za alasiri, na umeme ukakatika pamoja nazo. Mwalimu mwenye busara huweka mazungumzo ya ana kwa ana asubuhi, na kila lililosalia hulifanya kwa njia isiyohitaji pande mbili kuwepo kwa wakati mmoja.

Njia hiyo iliyosalia ndiyo yenye faida kubwa, ingawa haina mapambo. Mwanafunzi hurekodi sauti yake kwa dakika moja: anaeleza kilichopikwa nyumbani, namna omena inavyoanikwa juani, au safari ya kwenda soko la Kibuye. Mwenzake wa ng'ambo husikiliza mara tatu, nne, kisha hujibu kwa sauti vilevile, akirekebisha neno moja au mawili. Sauti ya dakika moja hula bando dogo mno ikilinganishwa na picha ya video, na inaweza kutumwa umeme unaporudi. Mtoto mwenye haya, asiyethubutu kusema mbele ya darasa, hurekodi, akafuta, akarekodi tena mpaka aridhike. Walimu wengi wa lugha watakwambia kwamba kurudia huko, ambako hakuna mtu anayekucheka, ndiko kunakofundisha.

Kusikiliza nako kuna mafunzo yake. Mtu aliyelelewa kwa Kijaluo hana sauti ya *z* wala *sh* katika lugha yake ya asili, lakini ana irabu nyingi zaidi ya tano tulizo nazo katika Kiswahili. Kwa hiyo irabu za Kifaransa zinazomsumbua mtoto wa Mombasa huenda zikamsumbua kidogo yeye, ilhali mtoto wa Pwani aliyesoma tajwidi anaitamka *ain* na *qaf* bila shida, naye wa ziwani hana budi kuzitafuta. Kitabu hakiwezi kusikia tofauti hizo. Mwenzi aliye upande wa pili anazisikia na kuzisahihisha.

Jambo la tatu ni usawa. Kuna utaratibu wa zamani wa kufundisha lugha uitwao tandemu, ambao kanuni yake ni nyepesi: nusu ya muda tunasema lugha yako, nusu yangu. Shule ya Kisumu ikikubali kuwa mpokeaji tu, wanafunzi wake watachoka, na wa ng'ambo wataona wanatoa sadaka. Lakini shule ya Kisumu ina Kiswahili, lugha ambayo tangu mwaka 2017 imo katika programu ya Duolingo, na ambayo UNESCO iliitengea siku yake, tarehe 7 Julai, kwa azimio la mwaka 2021. Kijana wa Ujerumani anayetaka kujifunza Kiswahili ana shida ile ile ya mwenzake wa Kisumu: hana wa kusema naye. Wawili hao wakikutana, kila mmoja ni mwalimu na kila mmoja ni mwanafunzi, na hakuna mwenye mkono wa juu.

Mabaluni yaliyokuja na kuondoka

Yasidhaniwe kuwa njia ni nyeupe. Mwezi wa Machi mwaka 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wengi wetu tukaambiwa kuwa elimu sasa itafuata watoto nyumbani kwa mtandao. Kwa aliye na kompyuta na bando, ilikuwa hivyo. Kwa binti wa mvuvi, ambaye nyumba nzima ina simu moja na simu hiyo huondoka na baba alfajiri, miezi ile ilikuwa miezi ya kusahau.

Mwezi wa Julai mwaka huo jambo la ajabu lilitokea juu ya anga za magharibi mwa Kenya. Kampuni ya Loon, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilianza kutoa intaneti kwa mabaluni makubwa yaliyoelea kiasi cha kilomita 20 angani, yakitumia nguvu za jua. Kisumu ilikuwa miongoni mwa miji iliyotajwa kuwa chini ya huduma hiyo. Magazeti ya dunia yaliandika kwa mshangao. Lakini Januari mwaka 2021 kampuni ilitangaza kuwa inafunga kazi, kwa kuwa biashara hiyo haikuweza kujilipia, na mabaluni yakatoweka kama yalivyokuja.

Funzo lake kwa shule ni la wazi. Ushirika uliojengwa juu ya kifaa cha mtu mwingine hudumu kadiri mtu huyo atakavyopenda. Ndiyo maana walimu wenye uzoefu huchagua vyombo vinavyofanya kazi hata mtandao ukikatika. Ipo programu kama Kolibri, ambayo huwekwa katika kompyuta moja ya shule, na wanafunzi wakasoma masomo yaliyohifadhiwa humo bila ya intaneti kabisa. Sauti za wenzi wa ng'ambo huweza kupakuliwa mara moja kwa juma na kusikilizwa na darasa zima. Aidha, maadamu wanafunzi wa shule zetu hawaruhusiwi kubeba simu shuleni, chumba cha kompyuta chenye ratiba, chini ya macho ya mwalimu, ndicho mlango wa haki kwa wote: bintiye mvuvi na bintiye tajiri huketi kiti kimoja, kwa muda mmoja.

Kisiwa chenye lugha inayokaribia kuzama

Kutoka Mbita, ambapo daraja huvuka kwenda kisiwa cha Rusinga, mashua huendelea hadi Mfangano. Wazee wa kisiwa hicho ni Wasuba, na lugha yao, Kisuba, ni ya Kibantu, jamaa ya mbali ya Kiswahili chetu. Lakini kizazi baada ya kizazi, kwa ndoa, biashara na shule, Kijaluo kimechukua nafasi yake, na leo Kisuba huhesabiwa miongoni mwa lugha zilizo hatarini.

Hapo Mfangano kilianzishwa kituo kiitwacho Ekialo Kiona, jina ambalo kwa Kisuba lina maana ya dunia nzima. Kilikuwa na kompyuta zilizotumia umeme wa jua, na redio ya kijamii iliyotangaza kwa Kisuba. Ule mtandao ambao tunauogopa kwamba utaleta lugha za watu na kuzifuta zetu, hapo ulitumika kuipa lugha ndogo sauti yake. Msafiri hujifunza kwamba kifaa hakina upande. Hufuata mkono unaokishika, na huzungumza lugha ambayo mwenye mkono ameamua kuisema.

Hili linatuhusu sisi wenye Kiamu, Kimvita, Kipate na Kibajuni. Mtoto anayemfundisha rafiki wa ng'ambo lugha yake hulazimika kwanza kuijua vyema. Ataulizwa kwa nini tunasema hivi na si vile, naye atakimbilia kwa bibi yake kutafuta jibu.

Kiarabu tunachokisoma na Kiarabu tusichokisema

Na sasa turudi kwa lile lililo karibu zaidi na nyumba zetu. Watoto wetu husoma Kiarabu tangu wana umri wa miaka minne au mitano. Hukisoma kwa sauti nzuri, hukihifadhi, na wengi huandika hati safi. Lakini ni wangapi wanaoweza kuzungumza kwa Kiarabu kwa muda wa dakika tano? Hali hiyo ni moja Kisumu na Mombasa.

Wakati huohuo wasichana wengi, wa Pwani na wa ziwani, huenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Msichana asiyeweza kusema kwa Kiarabu kwamba anaumwa, au kwamba mshahara wake wa miezi miwili haujalipwa, au kwamba anataka kupelekwa ubalozini, amefungwa mlango kabla hajaingia ndani. Kwa msichana huyo, lugha ni ngao yake, na wala si pambo la kuonyesha cheti.

Tunao utajiri ambao jamii nyingine hazina. Oman kuna familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, ambazo wazee wao waliishi Unguja, Pemba na mwambao huu, na ambazo wajukuu wao wanakisikia Kiswahili kwa bibi lakini hawakisemi tena. Wajukuu hao wana Kiarabu na wanahitaji Kiswahili. Wetu wana Kiswahili na wanahitaji Kiarabu cha kusema. Tofauti ya saa ni moja tu, na siku za Idi zinafanana. Shule ya Kisumu na shule ya Muscat, au madrasa ya Lamu na madrasa ya Sur, zikikubaliana kutumiana sauti za dakika moja kwa juma, zitakuwa zimeanza jambo ambalo gharama yake ni ndogo kuliko sare ya mtoto mmoja. Wala si bidaa katika elimu yetu. Zaid bin Thabit (R.A.) aliamrishwa na Mtume (S.A.W.) ajifunze maandishi ya Mayahudi wa Madina, ili barua zao zisomwe na kujibiwa bila kumtegemea mtu wa kati. Haja ilikuwa ni mawasiliano, na Sahaba huyo kijana akajifunza kwa muda mfupi.

Amana ya wazazi

Mama anayesoma haya atauliza, na ana haki ya kuuliza: nani yuko upande wa pili wa sauti hiyo? Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kukusanywa na kutumiwa. Kwa hivyo shule inapomwandikisha mwanao katika programu yoyote ya mtandao, ulizeni mambo manne. Je, mazungumzo yanafanyika kwa akaunti ya shule au ya mtoto mwenyewe? Je, mwalimu wa hapa na mwalimu wa kule wanaweza kusikia kila kinachotumwa? Je, sura ya mtoto inahitajika, au sauti yatosha? Na je, rekodi hizo zitafutwa lini? Shule yenye majibu manne ya wazi ni shule ya kuaminiwa. Shule inayokasirika kuulizwa, mwambieni mwalimu mkuu kwa adabu kwamba mtasubiri mpaka majibu yapatikane.

Kisha, baada ya kuuliza, msiishie hapo. Siku mwanao atakapoleta nyumbani neno la Kijerumani au la Kiarabu cha barabarani, mwambie alirudie. Mwulize mwenzake amesema nini, kula yake ikoje, nyumbani kwao kuna ndugu wangapi. Mtoto akikosa wa kumsimulia, lugha ile itabaki ndani ya kompyuta ya shule. Akimsimulia mama yake, imekwisha kuwa yake.